Maswali na majibu: sifuri si sawa na "hatukufika"

Mkuu wetu anasema mti usiokuwa na matunda tuuachie nafasi wazi kwenye fomu, tuokoe muda. Ni sawa? (Mlinzi wa msitu, Kibale)

Hapana, ndugu yangu. Atakayeisoma fomu hiyo mwaka 2045 atajuaje kama mti haukuzaa, au tembo walikaa njiani mkarudi kambini? Umeangalia na hukuona kitu, andika 0. Hukufika, andika HF (hatukufika), na sababu pembeni: mvua, mto umejaa, mti umeanguka. Kwenye kituo cha utafiti cha Kanyawara, humo humo Kibale, watafiti wamefuatilia tumbili na miti tangu 1970. Katika kumbukumbu ndefu namna hiyo, mtu mmoja ofisini akijaza nafasi wazi kwa sifuri, tayari ametengeneza msimu wa njaa ambao tumbili hawakuwahi kuuona.

Daftari linasema sokwe walionekana saa 1:20, kompyuta inasema ni usiku wa manane. Kijana wetu alikosea? (Fort Portal)

Kijana kaandika saa kama anavyoitamka: saa moja na dakika ishirini asubuhi, yaani 07:20. Mwenye kosa ni fomu. Mimi niliwahi kuingiza mwezi mzima wa doria za usiku, kumbe askari walikuwa wamelala fofofo. Chapeni juu ya safu: "saa 24, mfano 07:20". Tarehe nazo ziwe 2024-05-04, maana 4/5 kuna kompyuta zinazoisoma Aprili 5. Ila daftari lenyewe msilifute wala kulipaka wino mweupe. Sahihisho liingie safu mpya, na jina la aliyesahihisha.

Nukta zetu za GPS za Bwindi zinaangukia Kongo kwenye ramani! (Kabale)

Alama ya kutoa (-) mbele ya latitudo imedondoka. Bwindi iko kusini mwa ikweta, karibu digrii 1. Bila alama hiyo unavushwa zaidi ya kilomita 200 kaskazini, mpaka Ituri. Nukta zikihama kama mita 300 tu, hilo ni jambo jingine: ramani za zamani zimechorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, na GPS yako inatumia mfumo mwingine, WGS84.

Kutunza nakala ya data, flash moja inatosha? (Masindi)

Haitoshi. Nakala tatu, moja ilale mji mwingine.

Sensa ya gorila Bwindi mwaka 2006 nimeikuta mara 336, mara 302. Ipi ya uongo? (Mwanafunzi, Makerere)

Hakuna ya uongo. Ya kwanza ilitokana na kuhesabu viota porini. Ya pili ni DNA ya kinyesi kilichookotwa kwenye viota hivyo hivyo, ikaonyesha kwamba baadhi ya gorila walijenga kiota zaidi ya kimoja usiku mmoja. Tunza namba zote mbili, kila moja na safu ya "mbinu" ubavuni. Halafu uwe mwangalifu na ule mstari unaopenda kuchorwa kwenye ripoti, unaopanda mpaka 459 za mwaka 2018: hesabu hiyo imechanganya na hifadhi ya Sarambwe, ng'ambo ya mpaka, Kongo.