Usisaini huo mshahara wa msingi wa laki mbili

Mdogo wangu, usisaini. Nimesoma swali lako kwenye daladala nikapitiliza kituo. Umesema uko Mwanza, sekretari kwenye ofisi ya wakili, unalipwa 350,000 na yote ni mshahara wa msingi. Sasa ofisi ya Dar inakuita kwa 650,000: msingi 200,000, posho 450,000. Unauliza kama kweli Dar wanalipa kuliko Mwanza na Arusha. Waliotangulia kujibu wote wamekupa hongera. Mimi hongera sina.

Mwaka 2018 nilitoka Mwanza hiyo hiyo nikaja Dar kwa ahadi ya 600,000. Msingi ulikuwa 180,000. Zilizobaki waliziita posho ya nauli, posho ya chakula, na nyingine waliyoiita posho ya mafaili. Dada wa utawala aliyenipokea aliniambia, "Wewe angalia kinachoingia mkononi, hayo mengine ni maneno ya wahasibu." Akaongeza kwamba msingi ukiwa mdogo nitaokoa kodi. Muongo! Posho ya fedha taslimu inayolipwa kila mwezi ni kipato cha ajira na inahesabiwa kwenye kodi kama mshahara. Aliyekuwa anaokoa ni mwajiri, na yule dada alilijua hilo, maana yeye mwenyewe msingi wake ulikuwa mnene. Hadi leo nikimkumbuka nakasirika.

Sasa sikiliza hela ilipopotelea. Michango ya NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, waliipeleka kwa kuangalia msingi tu. Asilimia 10 yangu na asilimia 10 ya mwajiri, jumla 36,000 kwa mwezi. Ingekuwa kwa 600,000 yote, ni 120,000. Nilikaa pale miaka minne, miezi 48. Piga hesabu: tofauti ni 4,032,000. Milioni nne! Nilikuja kuliona hilo siku naomba taarifa ya michango yangu, nikadhani wamekosea jina.

Saa za ziada nazo hivyo hivyo. Sheria ya ajira ya 2004 inasema saa ya ziada ni mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kazi yetu unaijua: wakili anakumbuka saa kumi na moja jioni kwamba kesho ndiyo mwisho wa kuwasilisha hoja za maandishi, na wewe unabaki unachapa hadi saa tatu usiku, unapanga viambatisho, unapakia kwenye mfumo wa Mahakama unaogoma. Saa yangu moja ya ziada ilitoka kama 1,385. Kwa msingi wa 600,000 ingekuwa zaidi ya 4,600.

Kisha nikajifungua. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, na malipo waliyonipa ni 180,000 kwa mwezi. Nauli wakasema huji kazini, chakula wakasema unakula kwako, mafaili wakasema hujagusa faili. Mama mwenye nyumba wangu wa Kimara hajui posho ni nini, anajua tarehe ya kodi. Mwezi wa pili nilimpigia mama yangu Mwanza anitumie hela ya maziwa ya mtoto, mimi ambaye nilisema nakwenda Dar ili nimtumie yeye.

Ofisi ilipopunguza watu, kiinua mgongo ni siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia. Miaka yangu minne ikatoka chini ya laki mbili. Kwa 600,000 ingepita laki tano na nusu.

Kuhusu mikoa. Kwetu kima cha chini cha sekta binafsi kinapangwa kwa sekta, hakiangalii mkoa. Si kama Kenya, ambako amri ya mishahara inaiweka Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru daraja lake na miji midogo daraja lake. Kwa hiyo hapa swali si mkoa gani, ni wateja gani. Ofisi yenye mabenki na migodi inaweza kukulipa vizuri ukiwa Mwanza, na ofisi ya mirathi na talaka itakubana hata ukiwa katikati ya Dar. Rafiki yangu aliyeenda Arusha alianza na 500,000, yote msingi. Nilimcheka kwamba namzidi laki nzima. Serikalini ndiyo usiulize mkoa kabisa, ngazi ya mshahara ni moja nchi nzima.

Kwako wewe, usilinganishe 650,000 na 350,000. Linganisha 200,000 na 350,000. Leo NSSF yako inaingia 70,000 kwa mwezi. Wakifanya kama walivyonifanya mimi, itashuka hadi 40,000, na saa yako ya ziada itashuka kutoka karibu 2,700 hadi 1,500 na kitu. Unahamia mji ghali zaidi ili mshahara wako wa msingi ushuke!

Waambie hivi, kwa adabu lakini bila kuzungukazunguka: "Naomba msingi uwe 500,000 na posho 150,000, jumla ni ile ile." Kama nia yao ni njema, hesabu yao haibadiliki sana. Wakikataa kwa jumla ile ile, umeshajua kwa nini. Na wakikuambia tutarekebisha baada ya miezi mitatu ya majaribio, mimi niliambiwa hivyo hivyo mwaka 2018, na msingi ulikuwa 180,000 hadi siku naondoka.

Umesema unasaini Ijumaa. Kabla ya hapo piga picha ule ukurasa wa malipo, ufute majina, uuweke hapa. Nitausoma mstari kwa mstari, hata iwe usiku.