Umejitolea hifadhini ukapewa masufuria? Usiondoke

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa binti mmoja wa Moshi anayenisoma hapa. Ameandika: "Dada, shikamoo. Hii ni wiki ya pili nimejitolea hifadhini. Nilidhani nitapanda mlimani, nitajifunza miti na wanyama, na moto ukitokea nitakuwa mstari wa mbele. Kila siku naosha masufuria na kuhesabu madumu ya maji. Niache?"

Nilimjibu mistari miwili, kisha usingizi ukapaa. Masufuria hayo nayajua. Moja kati yake linaniuma mpaka leo.

Jumapili ya tarehe 11 Oktoba 2020 moto ulianza Mlima Kilimanjaro, eneo la Whona, pale wageni wanapopumzika kula chakula cha mchana, kati ya kambi za Mandara na Horombo kwenye njia ya Marangu. Taarifa ya kwanza ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, ilisema ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Usiku ule tuliuona tukiwa nyumbani: mstari mwekundu umeukata mlima kiunoni. Mama hakusema kitu. Alikwenda kufungua ng'ombe zizini, kana kwamba moto ungefika kihambani, shamba letu la nyumbani, kabla ya alfajiri.

Ulikuwa mwaka wa korona. Wageni walikuwa wachache mno, na wengi wa wagumu, yaani wapagazi wetu, walikuwa wamekaa majumbani bila shilingi. Kaka yangu hakuwa amebeba mzigo tangu Machi. Ndio hao waliokuwa wa kwanza kuitikia, watu ambao mlima haukuwa umewalipa kitu kwa miezi saba. Wakaja wanafunzi wa Chuo cha Mweka, kile cha usimamizi wa wanyamapori, zimamoto, wanavijiji, pamoja na askari wa hifadhi. Tulifika watu kama 500.

Mimi wakati huo nilikuwa nauza parachichi na vitunguu Himo. Asubuhi ya Jumatatu nilifunga meza, nikachukua sufuria kubwa ya mama, ile ya shughuli, yenye kiraka kando ya mkono na herufi mbili za jina la babu zilizochorwa kwa msumari. Tulipanda akina mama sita hadi Mandara, mita 2,720, tukiwa na ndizi, maharage na majani ya chai. Tukaambiwa: ninyi mtabaki hapa kupika, wagumu watapandisha chakula.

Moyoni nilikataa. Nilijiuliza, nimefunga biashara yangu nije kumenya ndizi? Jumanne nikaacha mwiko, nikawafuata vijana, tukapita kasoko ya Maundi mpaka kwenye miti ya erika inayoungua.

Ambaye hajawahi kusikia erika ikiungua ajue kwamba mlio wake ni kama mvua kubwa juu ya mabati. Ni mti wa majani membamba unaoshika moto upesi, na matawi yake yamening'inia ndevu za kijivu ambazo kwenye kiangazi hukauka kama pamba. Cheche moja ikigusa ndevu, mti mzima unawaka mpaka juu kabla hujahesabu tano. Nami nilikuwa nimevaa raba za turubai na koti la nailoni. Nikakata tawi bichi, nikaanza kupiga moto. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyejua niko pale, na sikujua upepo unavuma kutoka wapi.

Sikumaliza hata saa moja. Kaa la moto liliangukia mkono wa koti, nailoni ikayeyuka na kugandia ngozi. Kichwa kikaanza kupasuka, moshi ukanijaa kifuani, nikatapika, magoti yakaisha nguvu. Wagumu wawili waliniona. Mmoja alikuwa na bomba la maji mgongoni, lile la kupulizia dawa shambani. Alilitua chini ili anibebe mimi.

Hili sijawahi kuliandika. Lile bomba lilikaa chini, limejaa maji, moto uko hatua chache mbele, kwa sababu yangu. Vijana wawili wenye nguvu walitoka kazini wakateremka nami hadi Mandara, wakarudi tena juu. Siku ile nilikuwa nimeuongezea mlima mzigo, na nilikuwa nimekwenda kwa nia njema kabisa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri wangu wa kwanza ni huu: fanya kazi uliyopewa. Wa pili unafanana nao: usiache kazi uliyopewa kwa sababu umeiona nyingine yenye sifa zaidi. Anayejitolea bila kujua nafasi yake ni mgonjwa anayesubiri kubebwa, na wa kumbeba atatolewa kwenye kazi ya maana.

Siku zilizobaki niliosha masufuria. Nikaanza kuona nisichokiona kabla. Vijana ambao chakula kiliwafikia walibaki juu. Ambao hakikuwafikia waliteremka, na wakishateremka moto unapata mwanya. Hiyo ndiyo hesabu yote ya kuzima moto mlimani, mahali ambapo gari la maji halifiki. Sufuria ikichelewa, moto unasogea.

Jioni moja alikuja mwanafunzi wa Mweka kuchukua chai. Nikamuuliza mbona wanasema eneo fulani limezimwa, kesho yake linawaka tena. Alipiga magoti, akaniwekea mgongo wa kiganja chake juu ya udongo wa pale tulipokuwa tumeondoa jiko tangu asubuhi, akanishika mkono nami nifanye vilevile. Kwa juu kulikuwa baridi kabisa. Akachimbua kidogo kwa kidole, joto likapanda. Akasema, "Dada, mlimani moto unalala kwenye mizizi. Ukiondoka mapema, umeondoka bure." Tangu siku hiyo nawaambia watu wote wanaotaka kujitolea: ulizia kwanza ni nani anabaki baada ya moshi kuisha.

Moto ulipodhibitiwa, eneo la kilometa za mraba zipatazo 95.5 lilikuwa limeungua. Baadaye kikafanyika kikao cha shukrani. Majina yakasomwa, makundi yakasomwa, makofi yakapigwa. Sisi tulikuwa "na akina mama pia". Hilo nililivumilia. Kisha nikamfuata kiongozi mmoja kumuuliza sufuria ya mama, kwa kuwa vyombo vyote vilikusanywa pamoja na yetu haikurudi. Alinijibu mbele za watu: "Dada, mlima umeungua, wewe unaulizia sufuria?" Watu wakacheka.

Kwetu Uchagani mtu akikukosea, anakuletea jani la isale, nawe ukilipokea yameisha. Sijaletewa isale mpaka leo. Siandiki hili kumchongea mtu. Naliandika kwa sababu najua wengi waliojitolea mara moja hawakurudi tena, na wanaowaita watu kujitolea wanashangaa kwa nini. Mtu akikuletea sufuria yake ya shughuli, amekuletea harusi na misiba ya kwao. Irudishe.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 2022, moto ukatokea tena, safari hii karibu na kambi ya Karanga, kwenye kimo cha mita kama 4,000. Simu zikaanza kupigwa. Nikamwambia mama siendi, waende waliosomwa majina. Mama alikuwa anasafisha mfongo wetu, mfereji wa maji ya shamba, anatoa majani kwenye maji. Hakuinua kichwa. Aliniuliza, "Haya maji yanatoka kwa huyo kiongozi?"

Yanatoka kule juu. Ukungu ukipita kwenye erika, majani na zile ndevu huunasa, matone yanadondoka, ardhi inayanywa, vijito vinapata uhai. Erika zikiungua, ukungu unapita tu. Mtafiti wa Kijerumani Andreas Hemp, ambaye ameuchunguza mlima huu kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2005 kwamba upotevu wa maji unaosababishwa na moto ni mkubwa kuliko ule wa kuyeyuka kwa barafu. Sisi tunapiga picha barafu, tunalia barafu inakwisha, na kiunoni mwa mlima kunaungua chanzo cha maji yanayoshuka vihambani, yakaenda bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaingia mto Pangani.

Nikaenda. Lakini nilikwenda na daftari na kopo la rangi nyekundu. Tulipika kijijini upande wa Mweka, akina mama kumi na mmoja. Kila chombo kilipigwa alama ya mwenyewe na kuandikwa kimetoka kwa nani, kimepanda na nani. Kila dumu likawa na namba. Nisamehewe nikijisifu: hakuna kijana wa kundi letu aliyeteremka kwa njaa, na hakuna kijiko kilichopotea. Sikugusa tawi. Sikuuona moto kwa karibu hata mara moja.

Sasa sikilizeni, ninyi mnaoniandikia kila kiangazi mkitaka "kupigana na moto". Kiangazi kinapoingia, mko wapi? Nani kati yenu amekwenda kukaa na warina asali, wanaopeleka kijinga cha moto kwenye mzinga wa porini kufukuza nyuki, akawasaidia kupata mizinga ya kisasa na bomba la moshi lenye kifuniko? Nani amesafisha njia za kukinga moto mwezi Julai, wakati hakuna kamera? Mimi na wenzangu tunafanya hivyo, na kazi ni ya kuchosha, haina picha nzuri hata moja. Mlima hauhitaji mashujaa wa wiki moja. Unahitaji watu wanaojulikana getini kwa sura, ambao askari wa hifadhi akiwaona anajua chai itafika. Fanyeni kazi mliyopewa.

Nanyi viongozi wa vikundi, someni majina yote.

Binti yangu wa Moshi, umeniuliza uache au uendelee. Umesema unahesabu madumu. Je, unaandika? Kama huandiki, nunua daftari la kurasa 96, chora safu nne: chombo, mwenyewe, kimekwenda wapi, kimerudi lini. Jumamosi nitapita getini nikitoka Himo, saa nne hivi. Yaoshe yale masufuria kabla sijafika, uyakaushe juani. Rangi nitakuja nayo.