Rudia kipimo kabla ya kuanza dawa za thairoidi

Ndugu, umeeleza kwamba TSH yako (homoni inayoiamuru thairoidi, tezi ya shingoni) imeshuka, T4 (homoni ya tezi hiyo) imepanda na umeandikiwa dawa za kutuliza thairoidi, ilhali moyo hauendi mbio, uzito haupungui, na kila asubuhi unameza bayotini (vitamini B7) ya nywele. Shaka yangu iko kwenye hiyo bayotini. Soma kichupa: changu kiliandikwa mikrogramu 10,000, yaani miligramu 10, kiasi kinachoweza kuvuruga vipimo vinavyotumia bayotini kunasa homoni, hata majibu yafanane kabisa na ya ugonjwa wa Graves, unaoifanya thairoidi itoe homoni kupita kiasi. Mweleze daktari, uiache kwa angalau siku 2 au zaidi atakavyoelekeza, kisha damu ipimwe upya. Kama umeshaanza dawa alizokuandikia, usiziache bila kumwuliza, na mapigo yakianza kwenda mbio, nenda hospitali mara moja.