Usifyeke msitu wa bondeni upande misindano
Ndugu, umeuliza kama kile kipande cha msitu wa asili bondeni, huko Mufindi mkoani Iringa, ukikifyeka na kupanda misindano kitakulipa. Nakuomba usikiguse. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kando ya mto, na zaidi ya sheria, msitu huo ndio unaotunza kijito. Vinyungu vya majirani zako, yaani bustani zao za bondeni, vinakitegemea kiangazi kizima. Mikaratusi ndiyo kabisa usiipeleke huko, inakunywa maji mno.

Panda juu, kwenye shamba lililochoka, mita 3 kwa 3, takriban miche 450 kwa ekari. Halafu pogolea mapema, tawi likiwa bado jembamba. Ukichelewa linakauka kwenye shina, shina linalizunguka, na siku ya kupasua ubao unatoka na fundo jeusi linalochomoka na kuacha tundu. Mnunuzi akiliona tu, bei imeshuka. Wengi wanapanda kisha wanahamia mjini, wakirudi wanakuta miti imebanana, myembamba kama fito. Punguza kwa wakati, na safisha njia ya kuzuia moto kabla kiangazi hakijakolea.