Kabla hujabadilisha kompresa, safisha kondensa

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili kabla ya kujibu. Friji ya kaunta ya milango miwili, ipo chini ya meza ya kukatia mboga, hatua mbili kutoka kwenye karai la chipsi. Usiku inapoza vizuri, ikifika saa saba mchana soda zinakuwa vuguvugu na kuku wanaanza kulegea. Kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya friji, inalia tik, inanyamaza, baada ya dakika chache inawaka tena. Fundi ameshajaza gesi mara tatu tangu mfungo uishe, na sasa anataka mbadilishe kompresa.

Hela ya kompresa iache mfukoni kwanza. Chukua tochi.

Kazi hii naifanya Dar mwaka wa 13 sasa: majiko ya hoteli, mabucha, migahawa, baa. Na nakwambia gesi ya friji haiishi kama ya mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ile ile, miaka na miaka. Ikipungua ujue imevuja, na ikivuja tundu linatafutwa, linachomelewa, mabomba yanavutwa hewa kwa pampu, halafu ndipo gesi mpya inajazwa kwa mzani. Fundi anayeongeza mara tatu bila kutafuta tundu, ama tundu lipo na anakuuzia gesi ya kwenda hewani, ama tundu halipo na anazidisha kipimo. Kwako nashuku la pili.

Sababu ni hiyo tik. Joto analotoa kuku wako ndani ya friji haliyeyuki, linabebwa na gesi mpaka kwenye kondensa, yaani yale mabomba yenye mapezi membamba yaliyo karibu na kompresa, na feni inalipuliza nje. Kondensa ikiwa safi, kwenye jiko lenye nyuzi 35, gesi inapoa na kugeuka kimiminika kwenye nyuzi 45 hadi 50 hivi. Kwa R134a, aina mojawapo ya gesi ya friji, nyuzi 45 ni kama psi 154 kwenye geji ya presha. Mapezi yakiziba hadi gesi ifike nyuzi 65, geji hiyo hiyo inasoma karibu psi 260. Kompresa ni ile ile, ila sasa inasukuma ukuta. Inachemka, ovalodi inakata umeme kuiokoa: tik. Ikipoa inarudi. Usiku majiko yamezimwa, hewa imepoa, hakuna anayefungua milango, ndiyo maana unaiona imepona. Ukiongeza gesi juu ya hali hiyo, presha inapanda zaidi.

Niwe mkweli, friji yenye gesi pungufu nayo hupata nafuu usiku. Kwa hiyo fungua ndani uangalie ile koili ya kupoza. Barafu ikishika kipande kidogo tu mwanzoni na kwingine kote pakavu, hapo gesi pungufu inawezekana. Umande ukienea koili nzima, rudi kwenye kondensa.

Sasa tochi. Zima friji kwenye swichi ya ukutani na uchomoe plagi, fungua wavu wa mbele, weka tochi upande mmoja wa kondensa na jicho upande wa pili. Mwanga upite kama unavyopita kwenye pazia jepesi. Usipopita, umempata mgonjwa.

Usiridhike kwa kuangalia kwa mbele tu, maana hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Kuna mgahawa mmoja wa kuku Sinza, kijana wao alikuwa anapiga brashi kila Jumapili, usoni panang'aa kabisa. Nilipofungua nikakuta ile kondensa ina safu mbili, na katikati ya safu kumejaa kitu kama sufi ya mto iliyolowa mafuta: vumbi, nyuzi za vitambaa, unga wa ngano, na mvuke wa mafuta ya kukaangia umevifunga vyote pamoja. Nilikivuta kikatoka kipande kizima, kina alama za mapezi pande zote kama chapati iliyokandamizwa na kitana. Brashi yake miaka yote ilikuwa inasukuma uchafu ndani. Hawakubadilisha kompresa, na mwenye mgahawa alinipigia baada ya wiki akilalamika kwamba soda za chini zinaganda, maana themostati walikuwa wameizungusha hadi mwisho kipindi cha shida.

Namna ya kuisafisha. Vyakula vihamishie kwenye friji nyingine au maboksi yenye barafu, visikae juu ya nyuzi 5 wakati wewe unafanya kazi. Kompresa iache ipoe. Vaa glavu ngumu, mapezi yale yanakata kidole kama wembe na hutasikia mpaka uone damu. Kama kibao cha nyuma kimeandikwa R290, hiyo gesi ni propani na inawaka: hakuna sigara, hakuna jiko linalowaka karibu, milango na madirisha wazi.

Anza kukavu. Brashi laini, ifuate mapezi yalivyosimama, usikate kwa upande maana yatalala. Kisha blowa, na hapa sikiliza vizuri: pulizia kinyume na njia ya hewa. Feni inavuta hewa kutoka nje kuingia ndani, basi wewe puliza kutoka ndani kuja nje, uchafu urudi njia ulikoingilia. Mtu mwingine akae mbele na mashine ya kuvuta vumbi, la sivyo jiko lote litakuwa jeusi na mpishi hatakusamehe.

Kwa friji ya karibu na karai, kukavu hakutoshi, mafuta hayaondoki kwa upepo. Funika kwa nailoni boksi la umeme, mota ya feni na kompresa upande wa waya. Pulizia dawa ya kuoshea koili iliyoandikwa kwamba ni salama kwa alumini, iache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, mara nyingi dakika 5 hadi 10, uone povu linavyotoka na rangi ya chai. Suuza kwa maji ya bomba la kupulizia la mkono, taratibu, hadi maji yatoke meupe. Usije na mashine ya kuoshea magari. Mapezi yatajikunja yote kwa sekunde tatu na utakuwa umeziba kondensa kwa mikono yako mwenyewe. Kama friji iko mahali ambapo maji hayawezi kukingwa, ivute nje kwanza. Yaliyolala yanyooshwe kwa kitana cha mapezi, na mabawa ya feni yafutwe pia, kwa sababu yakibeba mafuta hayasukumi hewa. Subiri ikauke kabisa ndipo uwashe.

Kuhusu dawa, nina kovu. Mwaka wangu wa pili kazini niliishiwa dawa nikiwa kazini, nikachanganya kostiki soda tuliyokuwa nayo stoo kwa ajili ya kuzibua mitaro. Ilitoa mafuta kweli, nikajiona mjanja. Kisha povu likaendelea kuchemka lenyewe hata baada ya mafuta kuisha, likawa la moto, rangi ya kijivu. Kostiki inakula alumini, na inapoila inatoa haidrojeni. Nilipomwaga maji, mapezi ya kona nzima yalikuwa yanavunjika kwa kidole kama kisamvu kilichokauka. Nililipa kondensa ile kwa mishahara miwili. Maji ya klorini nayo usiguse nayo, wala asidi ya kuondolea saruji kwenye vigae. Na kuna kondensa mpya za alumini tupu, bapa, zenye njia nyembamba sana, hizo ndizo dhaifu kuliko zote.

Koili ya ndani ina mambo yake. Hiyo haipati mafuta sana, inapata utelezi, harufu na barafu. Zima, acha iyeyuke yenyewe milango ikiwa wazi, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini ya vyombo, suuza. Mpira wa kutolea maji uzibue, mara nyingi umejaa ute, ndiyo yale maji mnayokuta chini ya droo. Barafu haitolewi kwa kisu. Nimeshaitwa sijui mara ngapi kwa friji iliyotobolewa na mtu mwenye haraka, na hapo ndipo kweli gesi inaisha, tena inapiga fyuuu mbele ya macho yako.

Umesema friji hiyo ndiyo mnaweka kachumbari na achari. Zifunikwe. Mvuke wa siki unakula shaba ya koili polepole, unatoboa vitundu ambavyo hata kwa sabuni ya povu ni tabu kuviona. Kama kweli una uvujaji, nitaanza kuutafuta huko. Walio pwani kabisa, Zanzibar, Tanga, Mombasa, wenye mashine zilizokaa nje wana adui wa pili, chumvi ya upepo. Hizo zisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara hata kama hazionekani chafu.

Mara ngapi? Yako, kwa ilivyokaa, kila mwezi kukavu na kila miezi mitatu kwa dawa. Friji ya vinywaji iliyoko mbele ya duka inaweza kwenda miezi mitatu hadi sita. Lakini kama unaweza kuihamisha hata mita mbili kutoka kwenye karai, hiyo itakusaidia kuliko dawa yoyote, na uniti za LUKU utaziona zinakaa.

Baada ya usafi, washa saa tisa alasiri jikoni pakiwa na moto, weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji rafu ya katikati, kiangalie baada ya saa kadhaa. Ukiona 5 au chini, kazi imeisha upande huo. Ikibaki juu na tik inaendelea, basi gesi iliyozidishwa itolewe ipimwe upya. Friji hizi hazijazwi kwa kukisia. Gramu zake zimeandikwa kwenye kibao, na zile za R290 nyingi hazizidi gramu 150, kiasi kwamba makosa ya gramu 30 tu unayaona kwenye soda. Piga picha ya hicho kibao uiweke hapa, tuone kilitaka gramu ngapi kabla hujamruhusu huyo fundi arudi na mtungi wake.