Kabla ya Kupenda Rangi, Tazama Boila

Treni yangu ndogo ya kwanza ya mvuke niliichagua kwa macho. Ilikuwa ya reli ya upana wa milimita 89, rangi ya kijani imekolea, fito za magurudumu zinang'aa kana kwamba zimesuguliwa asubuhi ile ile. Aliyeniuzia alisema boila haina neno. Nilifika nayo nyumbani, nikaijaza maji, nikaunganisha pampu ya mkono, na geji ya presha haijafika hata bar 3 maji yakaanza kulia ndani ya tanuru, kile chumba cha moto: chozi moja, kisha manne, kisha mchirizi. Nilipomulika tochi niliona madoa ya kijivu kuzunguka vile vijiti vya shaba vinavyoshikanisha kuta za tanuru. Kuna mtu alikuwa ameziba uvujaji kwa risasi ya kawaida ya kulehemu.

Kwa asiyejua ubaya uko wapi, ni huu. Mvuke wa bar 5.5, presha ya kawaida kwa mashine za ukubwa huo, una joto la nyuzi 160 na ushei za Selsiasi. Risasi inayotumika kulehemu nyaya huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183. Pengo hilo ni dogo mno, na maji yakishuka chini ya paa la tanuru kwa dakika chache tu, ile risasi haipo tena. La pili ndilo lililonivunja moyo: huwezi kurudia kazi hiyo kwa kulehemu kwa fedha, yaani kwa aloi ya madini ya fedha inayohitaji joto kubwa zaidi. Shaba ikipashwa kupita nyuzi 600, mabaki ya risasi hujipenyeza ndani yake na kuharibu kiungo kipya. Boila ile ikawa skrepa. Nilitengeneza nyingine, na ilinichukua miezi 14.

Kizuri chajiuza, ndivyo tunavyosema, na kwenye treni za mvuke msemo huo umewaponza wengi. Rangi mpya ni kazi ya siku chache. Boila ndiyo uhai wa mashine, na ndiyo sehemu ghali kuliko zote, kwa fedha na kwa muda. Kwa hiyo ukienda kutazama treni ya kununua, omba ipimwe kwa maji baridi mbele yako. Boila hujazwa maji hadi juu kabisa, hewa yote itoke, ndipo pampu ianze. Maji hayasinyai yakigandamizwa, kwa hiyo kiungo kikiachia, presha huanguka papo hapo na hakuna kinachoruka. Hewa iliyogandamizwa ni bomu. Usiitumie kupimia boila kamwe. Boila mpya hupimwa kwa mara mbili ya presha yake ya kazi, iliyokwisha kutumika kwa mara moja na nusu. Muuzaji akikataa, au akikuambia ilipimwa zamani lakini cheti kimepotea, shika njia yako.

Tazama pia imetengenezwa kwa madini gani. Shaba nyekundu ni sawa. Shaba ya manjano siiamini kwenye boila ya presha kubwa: ina zinki, na maji ya moto huinyonya zinki hiyo taratibu hadi inabaki shaba yenye matundu kama sifongo, huku kwa nje ikionekana nzima.

Wakusanyaji wa treni za bati na za kutia ufunguo wana adui wao mwingine, nao ni magurudumu na vipande vilivyomiminwa kwa aloi ya zinki katika miaka ya 1920 na 1930. Aloi hiyo ikichanganyika na risasi hata kidogo, huvimba, hupasuka na mwisho hugeuka unga. Haina dawa. Ila haiambukizi, ingawa wapo wanaozitenga treni zao kama wagonjwa. Badilisha gurudumu, hifadhi lililopasuka kwenye mfuko pamoja na treni yake, na rangi ya asili usiiguse hata ikiwa imechubuka. Ukiipaka upya, umefuta historia yake na sehemu kubwa ya thamani yake.

Ukiamua kujenga mwenyewe, wengi watakuelekeza kwenye Tich, treni ndogo iliyochorwa na Curly Lawrence, yule fundi wa Uingereza aliyejulikana kwa herufi LBSC. Mtu huyu namheshimu sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alishikilia kwamba boila ndogo ya makaa ya mawe inaweza kuvuta watu wazima, wengine wakiamini haiwezekani, na treni yake Ayesha ya reli ya inchi mbili na nusu ikamaliza ubishi. Hata hivyo Tich simshauri nayo mtu anayeanza. Tanuru lake ni dogo kiasi kwamba moto huzima ukigeuza shingo. Mashine kubwa kidogo, ya reli ya milimita 127, ina vipande vizito zaidi lakini inasamehe makosa.

Kwenye kulehemu kwa fedha, kosa la wanaoanza ni moto mdogo. Shaba hunyonya joto na kulisambaza. Ukipasha kona moja kwa moto mwembamba, utachoma fluksi, ile dawa ya kusafisha kiungo, bure na fedha itajikusanya vidonge vidonge. Pasha kipande kizima, ukizungushie matofali yanayohimili moto, na fedha iyeyushwe na shaba yenyewe, isiyeyushwe na mwali. Ikiwa tayari utaiona ikikimbia ndani ya mwanya kama maji kwenye utambi. Fimbo za zamani zina kadimiamu na moshi wake ni sumu. Mimi nilizirithi kadhaa na sikuzitumia.

Kuhuisha mashine ya zamani ni kazi ya subira zaidi kuliko kujenga. Piga picha kabla ya kufungua nati ya kwanza, kisha kila hatua, na kila skrubu iingie kwenye kimfuko chenye jina. Kamba na mablanketi ya kuzuia joto ndani ya mashine za zamani mara nyingi ni asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu: usiyachane yakiwa makavu, na kama huna uhakika mpe mwenye ujuzi. Nati iliyoganda ipe mafuta mepesi, joto kidogo, na usiku mzima. Halafu uzi wa skrubu. Mashine nyingi za Uingereza zina uzi wa BA, kipimo cha zamani cha Kiingereza cha skrubu ndogo, ambao kwa jicho unafanana na wa kimetriki. Skrubu ya 2BA ina kipenyo cha milimita 4.7, ya M5 ina 5.0. Nilishawahi kuilazimisha M5 kwenye tundu la 2BA, ikaingia mizunguko miwili, wa tatu ukararua uzi wote wa kifuniko cha silinda. Siku hizi nina geji ya uzi, na haitoki mfukoni.

Boila yangu mpya ilipokaa nusu saa kwenye bar 11 bila sindano ya geji kutikisika, niliifunga kwenye fremu. Kwanza niliizungusha mashine kwa hewa ya kompresa, bar moja tu, ikipita kwenye silinda pekee, nikisikiliza kama milio minne ya kila mzunguko inalingana. Haikulingana. Nilirekebisha valvu kwa siku tatu. Siku ya moto nilijaza mafuta mazito ya silinda, nikawasha, nikasubiri valvu ya usalama ipige yenyewe kwenye bar 5.5 na kuona kwamba hata moto ukiwa mkali presha haipandi zaidi. Nilifungua mvuke kidogo sana huku nikiisukuma kwa mkono mbele na nyuma, maana silinda baridi hujaa maji na maji yakinaswa humo hupinda fito. Bomba la moshi likatema maji meusi kwenye shati langu, mara mbili, mara tatu. Kisha nikahisi mkono wangu hausukumi tena, unafuata.