Insha ya Kiingereza: kijitabu cha misemo 1,000 kinatosha?

SWALI: Mwalimu, kijana wangu yuko S.4 (kidato cha nne) hapa Arua, Uganda, na mwaka huu anafanya UCE, mtihani wa taifa wa kidato hicho. Insha zake za Kiingereza zinarudi zimejaa wino mwekundu. Jirani ametuuzia kijitabu chenye misemo na tashibiha 1,000 za kukariri. Kinatosha? Na aya, aingize mstari wa kwanza ndani au aruke mstari? – Mama wa mtahiniwa

JIBU: Mama, la aya ni fupi: achague njia moja kati ya hizo mbili na asiibadilishe katikati ya insha. Barua rasmi nayo haina mjadala. Akianza na "Dear Sir" amalizie "Yours faithfully". Akianza na jina, tuseme "Dear Mr Okello", amalizie "Yours sincerely". Neno la pili lina herufi ndogo, na "Yours" haina ritifaa, hata kama kibao cha duka mtaani kwenu kinasema vingine.

Sasa hicho kijitabu. Kila muhula naletewa insha inayofunguka hivi: "It was a bright sunny morning and the birds were singing melodiously." Swali linahusu mazishi, mvua inanyesha, lakini ndege wanaimba! Sentensi ya pili ni ya mtoto mwenyewe: "Last year my father was having two cows, but I have sold one yesterday." Msahihishaji haoni tena ndege. Anaona kwamba "have" ya kumiliki haiendi na "-ing", na kwamba "yesterday" inadai "sold" peke yake. Mistari mitatu mbele, mama wa kwenye hadithi anaitwa "he", kosa linalotokana na lugha zetu, kwa kuwa Kiswahili, Luganda na Acholi hazitenganishi mwanamume na mwanamke kwenye kiwakilishi. Misemo 1,000 haigusi hata moja ya makosa hayo. Inayafanya yaonekane zaidi, maana yamekaa jirani na sentensi ya kuazima.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni imani kwamba tashibiha ni pambo, kwamba ukizipanga nyingi alama zinapanda. Kazi yake ni kumwonyesha msomaji kitu ambacho maneno ya kawaida hayakimwonyeshi. Mtoto anaandika "as white as snow". Ndiyo, theluji tunayo Rwenzori, lakini ni wangapi wameigusa? Angeandika "the iron roof was as hot as a rolex seller's pan" (rolex yetu ya chapati na mayai, si saa), ningejua amesimama kando ya barabara na anajua anachosema. Moja ya namna hiyo kwenye insha nzima inatosha. Akikosa, aache, sentensi nyoofu haijawahi kumfelisha mtu.

Na hao wauzaji hawaishii kwenye vijitabu. Wapo wanaotuma "insha tayari" kwa WhatsApp, wapo walimu wa likizo wanaoahidi D1, lile daraja la juu la zamani, ambalo halipo tena kwenye UCE ya mtaala mpya, inayotoa A hadi E. Mtu anayekuuzia daraja lililofutwa, huo mtihani ameusoma lini? Mtaala huo ulianza 2020, mtihani wake wa kwanza ukafanyika 2024, na maswali yake humweka mtoto ndani ya hali fulani: kuna tatizo kijijini, mwandikie fulani, mshawishi wenzako. Insha ya kukariri haiingii humo bila kulazimishwa, na anayesahihisha rundo zima anaitambua haraka, hasa akiikuta kwa watoto kadhaa wa kituo kimoja cha mtihani.

Mama, zitoe zile insha zenye wino mwekundu. Kijana achukue daftari, kurasa chache kwa nyakati za vitenzi, chache kwa "he" na "she", chache kwa "a" na "the". Kila sentensi iliyokosolewa aiandike upya mahali pake, halafu atunge nyingine mbili za aina hiyo kuhusu mambo ya nyumbani kwenu. Atakaposhindwa kujua kosa ni la aina gani, amuulize huyo huyo mwalimu mwenye kalamu nyekundu. Huyo ameshamsoma.